Kaskazi Jambiani: Bahari Isomwayo kwa Mwezi

Kaskazi ni upepo, na ni msimu pia. Watu wa pwani waliyapa mambo hayo mawili jina moja kwa sababu upepo huo ukishaingia kila kitu hugeuka pamoja nao: joto la nchi, rangi ya maji, umbo la wimbi, hata saa ya mvuvi kutoka nyumbani kwake. Huanza kuvuma Novemba au Desemba, hukolea Januari na Februari, na hulegea Machi. Huo ndio wakati wa kiangazi pwani.

Jambiani, kijiji kilichojinyoosha kando ya bahari kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja, kati ya Paje na Makunduchi, ni mahali pazuri pa kuutazama msimu huo kwa karibu. Ufuko wake ni wa mchanga mweupe na karibu uko sawa kama mkeka. Mbele yake, umbali wa kilomita moja hadi mbili, umelala mwamba wa matumbawe uliokwenda sambamba na pwani. Katikati ya ufuko na mwamba kuna maji ya kina kifupi, yanayojaa mpaka miguuni mwa minazi na kukauka mpaka mtu akatembea kwa miguu karibu hadi mwambani. Kwa ajili ya mwamba huo na maji hayo, bahari ya Jambiani haisomwi kwa upepo peke yake. Husomwa kwanza kwa mwezi.

Asili ya kaskazi iko mbali. Kufikia Desemba jua limehamia upande wa kusini wa ikweta, na bara la Asia limepoa. Hewa baridi ni nzito. Huilalia nchi, na uzito wake huisukuma kuelekea kusini kwenye nchi na bahari zilizopata joto, upande wa Msumbiji na Madagaska. Njiani hupita juu ya Bahari ya Arabia na kuifuata pwani ya Somalia. Mzunguko wa dunia hauiachi iende moja kwa moja. Kaskazini ya ikweta huipindisha kulia, na ikishavuka huipindisha kushoto. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo kupinda huko kwa pili bado ni kudogo, na upepo hufika ukitokea kaskazini mashariki au kaskazini hasa. Anayesimama Jambiani akiitazama bahari humpiga shavu la kushoto. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, humpiga la kulia.

Kwa upepo huu majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliteremka kila mwaka, karne kwa karne, yakileta tende, vyombo na nguo, na yakangoja kusi ya mwanzo iyarudishe kwao na boriti za mikoko. Nahodha aliyechelewa kuondoka alikutana na kusi iliyokwisha kukaza, na hiyo si bahari ya chombo cha tanga. Ndiyo maana kujua tarehe ya upepo lilikuwa jambo la uhai. Kalenda ya Kiislamu, inayokwenda kwa mwezi, haikufaa kwa kazi hiyo, kwani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Rajabu ya mwaka mmoja huwa ya masika, na baada ya miaka kadhaa ikawa ya kaskazi. Watu wa pwani wakashika pia mwaka wa jua, wenye kuanzia Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Makunduchi, jirani ya Jambiani, mwaka huo bado unafunguliwa kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Wageni wengi huja kuitazama kama ngoma tu, na hilo ni jambo la kusikitisha, maana nyuma yake kuna elimu ya hali ya hewa ya watu waliohitaji kujua lini wapande na lini watweke tanga. Kalenda ya jua ilikuwa ya upepo na mvua; ya mwezi ilikuwa ya maji. Aliyezishika zote mbili aliijua bahari yake.

Joto la kaskazi halina makali ya jangwa. Mchana kipimo hufika nyuzi 32 au 33, jambo la kawaida katika nchi nyingi. Linalochosha ni unyevu, na usiku usiopoa. Jasho halikauki mwilini, shuka huwa nzito, na chumvi ndani ya kopo hugeuka maji. Nyumba za zamani za mawe na udongo, zenye paa la makuti na milango inayotazamana, zilijengwa kwa kuulenga upepo huu uingie mlango mmoja na kutokea wa pili. Nyumba nyingi mpya za matofali na mabati zimejengwa kana kwamba upepo haupo, na wenyewe hulala barazani Februari nzima.

Jua lenyewe hutoa hesabu ambayo yeyote anaweza kuithibitisha kwa fimbo iliyochomekwa mchangani. Mwishoni mwa Desemba, adhuhuri, jua huwa upande wa kusini wa Jambiani, hivyo kivuli cha fimbo huangukia kaskazini. Kadiri Januari na Februari zinavyopita kivuli hufupika. Katika siku za mwanzo za Machi, kama tarehe 5, jua hupita juu ya utosi na kivuli cha adhuhuri hupotea kabisa chini ya fimbo. Litarudi tena utosini mwanzoni mwa Oktoba, lakini wakati huo bahari bado ina ubaridi wa kusi. Machi bahari imekwisha kupashwa moto kwa miezi mitatu. Maji ambayo Agosti huwa kama nyuzi 25 hufikia nyuzi 29 au 30, na anayeingia kuoga hasikii lile shtuko dogo la ubaridi kiunoni.

Siku ya kaskazi ina mwendo wake. Alfajiri hutoka upepo mwembamba wa nchi kavu, umande, unaoelekea baharini, na ngalawa huutumia kutoka. Jua likipanda umande hufa, na kwa muda wa saa moja au mbili bahari huwa shwari, maji yakimeta bila mkunjo. Kisha nchi hupata joto kuliko bahari, hewa ya baharini huvutwa kuingia, na kaskazi hujengeka juu yake. Kuanzia adhuhuri hadi karibu na machweo ndipo unapovuma kwa nguvu zaidi. Wavuvi hurudi nao wakiwa wamekunja uso kwa jua na tanga limejaa, na vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kubwa za rangi, mchezo ulioifanya Paje ijulikane duniani, ndio kwanza wanaingia majini. Kwa hiyo anayetaka maji matulivu huamka mapema, na anayetaka upepo hana haja ya kuamka.

Yote hayo yanahusu anga tu, na Jambiani anga ni nusu ya habari.

Maji hapa hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni kiasi cha saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake na wa jua huwa kwenye mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana: hilo ni bamvua. Tofauti ya maji ya juu na ya chini hufikia karibu mita 4, urefu wa dari ya nyumba ya kawaida na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua huupunguza wa mwezi, na maji hucheza kidogo, kiasi cha mita 1 hivi: hayo ni maji mafu. Anayefuata tarehe za Kiislamu hana haja ya kitabu cha maji. Tarehe mosi na 15 na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Lipo jambo la ziada ambalo wenyeji hulijua kwa mwili na wageni wengi hawaambiwi. Kwa kuwa bamvua hufuata jua na mwezi kwa pamoja, saa zake hazizunguki ovyo. Katika pwani hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hukauka mnamo saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku. Haibadiliki, ni hivyo Januari, ni hivyo Julai. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa katikati ya asubuhi na hushuka alasiri. Msafiri akifika Jambiani siku ya mwezi mpevu, saa 4 na nusu asubuhi, akiwa na taulo begani, hukuta bahari imeondoka. Mbele yake kuna uwanda wa mchanga, vidimbwi, majani ya bahari yaliyolala, na mstari mweupe wa mawimbi mbali kabisa. Wengine hudhani wamedanganywa na picha. Wangefika saa 9 alasiri siku hiyo hiyo wangekuta maji ya rangi ya feruzi yanagonga ngazi za nyumba. Ratiba ya kuogelea hapa haitokani na utabiri wa mvua, inatokana na umri wa mwezi.

Kwa wenyeji, uwanda huo uliokauka ni shamba na soko. Wanawake hutoka na vikapu kuokota chaza na kombe. Wanaume kwa wanawake hutembea na fimbo wakichokoa pweza katika mashimo ya mwamba. Usiku wa bamvua taa huonekana zikitembea juu ya bahari iliyokauka kama nyota zilizoshuka. Anayekwenda huko huvaa viatu. Juu ya mawe wamejaa wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba kama sindano, ambayo huvunjikia ndani ya nyayo, na kwenye mchanga wenye maji kidogo hujifukia taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Desturi ya kuburuta miguu badala ya kuinyanyua hutokana na taa: hushtuka mapema na kukimbia kabla hajakanyagwa.

Kurudi ndiko kunakotaka akili. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukauka kabisa hupanda kidogo sana, na mtu huona bado ana nafasi. Saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi kuliko zote, na siku ya bamvua huweza kupanda mita 1 nzima ndani ya saa moja. Tena hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huingia kwanza katika mifereji na mashimo, ambayo mengine yako karibu na ufuko kuliko mahali aliposimama mtu, hivyo aliyeko mwambani huzungukwa nyuma yake huku miguu yake mwenyewe ikiwa mikavu. Wachokoaji pweza huanza kurudi maji yanapogeuka tu. Kikapu kijae au kisijae, hugeuka.

Mwamba ndio unaoipa pwani hii bahari mbili katika siku moja. Maji yakiwa makavu, mawimbi yote ya bahari kuu huvunjikia nje, na mvumo wake husikika kijijini kama gari lisilopita. Ndani ya mwamba maji hutulia kama ya birika. Maji yakijaa, mwamba huzama, na mabaki ya wimbi huvuka juu yake mpaka ufukweni. Wimbi la kaskazi ni fupi na la kukatakata, lililotengenezwa na upepo wa karibu. La kusi ni refu na zito, kwani limesafiri kutoka kusini ya mbali ya Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo wavuvi wa upande huu huihesabu kaskazi kuwa msimu wa kutoka nje ya mwamba, na ngalawa ndogo yenye matengo mawili huthubutu kwenda mahali ambapo Julai haiwezi kusogea. Hata mchanga hufuata: wimbi la kaskazi, likija kwa mshazari, huusukuma kuelekea kusini, na la kusi huurudisha. Ukuta wa nyumba uliojengwa karibu mno na maji hukatiza safari hiyo, na ufuko wa jirani hulika.

Maji yaliyoingia ndani ya mwamba lazima yatoke, nayo hutokea kwenye milango, zile nafasi ambazo mwamba umekatika. Ngalawa hupita hapo hapo. Maji yanapokupwa siku ya bamvua, ujazo wote wa eneo lile la ndani hukimbilia milango michache, na mkondo wake humshinda muogeleaji hodari. Usoni hauna dalili ya kutisha. Mlangoni mara nyingi ndipo maji yanapoonekana laini kuliko pande zote, maana wimbi halivunjiki hapo. Aliyechukuliwa na mkondo huo hachoki bure kuupinga. Huogelea kwa ubavu, sambamba na mwamba, mpaka atoke kwenye upana wake, ambao si mkubwa, kisha ndipo huelekea ufukweni. Wakati salama wa karibu na mlango ni ule mfupi maji yanapokuwa yamesimama, yamejaa na bado hayajageuka.

Nje kabisa, kilindini, hupita mkondo mwingine mkubwa zaidi. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huanzia karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ambako maji yanayotoka mashariki ya Bahari ya Hindi huigonga Afrika na kugawanyika, na huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi huusukuma, ukaenda mbio hadi Somalia. Kaskazi huupinga, ukapungua kasi, na karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya hukutana na maji ya Somalia yanayoshuka, yote mawili yakageuka kwenda mashariki. Kupungua huko ndiko kunakoyafanya maji ya Unguja yakae zaidi mahali pamoja, yapate joto na yawe maangavu. Siku ya kaskazi tulivu mzamiaji huona chini mbali sana. Pamoja na joto huja konyeza, ambao wengine huwaita yavuyavu, wakielea kama mifuko ya maji. Wengi wao huwasha tu, na ngozi iliyowashwa huoshwa kwa siki, haisuguliwi kwa mchanga.

Machi ndipo mambo yote yaliyotajwa hukutana, na ndipo kaskazi inapoonyesha upande wake mgumu. Jua liko utosini. Bahari imefikia joto lake la juu. Upepo unalegea, kwa sababu kaskazi inakufa na kusi haijaingia. Mabaharia huuita wakati huo maleleji. Na karibu na tarehe 21, siku ya usawa wa mchana na usiku, bamvua huwa kubwa kuliko nyingi za mwaka, maji yakikauka mbali zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Yanakauka saa ngapi? Saa 4 na saa 5 asubuhi, kama kawaida ya bamvua, jua likiwa linapanda. Maji machache yanayobaki ndani ya mwamba, ya kufika magotini au vifundoni, hukaa juani saa kadhaa bila upepo wa kuyachanganya, na joto lake hupita la bahari ya nje kwa nyuzi kadhaa. Mguu ukiingia katika kidimbwi wakati huo hurudi wenyewe.

Anayelipa gharama ya saa hizo ni mkulima wa mwani. Kilimo cha mwani kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima ni wanawake. Vigingi huchomekwa mchangani, kamba hufungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na vijitawi huning'inizwa kwenye kamba kwa nyuzi ndogo. Baada ya wiki 6 hivi huvunwa na kuanikwa, na viwandani ng'ambo hutolewa ute unaotumika katika dawa za meno, vyakula na madawa. Hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji yakiwa makavu. Mwezi ndio msimamizi wa kazi hiyo. Zipo aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo dhaifu mbele ya joto.

Mwani uliopigwa na joto hujulikana kwa kidole. Tawi zima ni gumu na linateleza, la rangi ya kahawia au kijani. Lililougua hupauka kwanza kwenye pingili moja, likawa jeupe kama barafu, kisha laini. Mkulima akiliinua kwa kamba hukatika penye weupe, na kipande kilichokuwa kimekua wiki nne kinaondoka na maji. Tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikishindwa katika sehemu nyingi za Unguja, na joto la maji ya kina kifupi ni miongoni mwa sababu kubwa. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakulima wenyewe, wamejaribu kuihamishia kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu za mirija. Maji ya huko ni baridi zaidi na njia hiyo ina mantiki, lakini inadai chombo na inadai kuogelea, na mabinti wengi wa pwani hii walilelewa bila kufundishwa kuogelea. Kumfundisha mwanamke wa Jambiani kuogelea ni jambo la uchumi, na lilistahili kuanza zamani.

Matumbawe nayo yana kipimo chake. Ndani ya mnyama huyo mdogo huishi vijimea vinavyomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto lake la juu la kawaida kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, huvifukuza vijimea hivyo na kubaki mweupe; joto likishuka mapema hupona, likiendelea hufa kwa njaa. Mwaka 1998, baada ya El Niño kubwa, matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yalipauka na sehemu nyingi yalikufa. Yalipauka tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Mara zote ilikuwa ni mwishoni mwa kaskazi na mwanzo wa masika. Mwamba wa Jambiani ndio boma la kijiji mbele ya wimbi la kusi, na boma hilo limejengwa na wanyama hao na linahitaji waendelee kujenga.

Kuhusu dhoruba, nafasi ya Unguja ni njema. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huzaliwa katika miezi hii hii, lakini huhitaji mzunguko wa dunia kuvizungusha, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo. Vingi hupinda kuelekea Madagaska na Msumbiji. Kinga hiyo si kamili. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Vyote viwili vilikuja kaskazi ikiwa imekwisha. Ndani ya kaskazi yenyewe hatari ya kawaida ni upepo unaokaza kwa siku mbili tatu mfululizo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2, na ngalawa inayotii tangazo hilo hubaki mchangani. Tukio moja halikuwa na uhusiano na hewa: Desemba 26, 2004, siku ya jua na utulivu, mawimbi ya tetemeko la Sumatra yalifika pwani hii, maji yakipanda na kushuka nje ya saa zake, na Dar es Salaam waogeleaji walipoteza maisha. Maji yanayokimbia pwani saa isiyo yake ni amri ya kupanda juu.

Pwani nyingine za kisiwa hazifanani na hii. Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufuko huteremka haraka, hivyo maji hayaendi mbali na kuogelea huwezekana karibu saa zote. Lakini Nungwi kaskazi huipiga usoni, na Kendwa, iliyogeukia magharibi, hukingwa. Anayetafuta bahari ya kuoga tu atapendelea Kendwa.

Mwisho wa Machi mawingu huanza kusimama upande wa kusini jioni, na mvua ya kwanza ya masika huanguka kwa ghafla, matone makubwa, mchanga ukatoa harufu. Bahari huchanganyika na kupoa. Wakulima waliookoa mbegu huzifunga upya kwenye kamba katika bamvua la Aprili. Ngalawa huvutwa juu zaidi ya alama ya maji, tanga hukunjwa. Nje ya mwamba mvumo hubadilika, ukawa wa chini na wa kuachana, na asubuhi moja upepo huonekana umehamia shavu la kulia.